Kupunguza uzito ni kazi moja, kuuzuia usirudi ni nyingine

Kila Januari vikundi vya jogingi hupata wanachama wapya. Alfajiri, barabara za mitaa ya Dar es Salaam, Arusha na Mwanza hujaa fulana za rangi moja, nyimbo za mchakamchaka na raba ambazo bado hazijaguswa na vumbi. Ikifika Pasaka, fulana zimeanza kupungua. Ikifika Nanenane, wengi waliopunguza kilo nne au tano wamezirudisha zote, na wengine wameongeza mbili juu yake.

Anayerudisha kilo hizo huitwa mvivu, na mara nyingi wa kwanza kujiita hivyo ni yeye mwenyewe. Lakini wengi wao hawakushindwa kwa uvivu. Walianza na hesabu isiyo sahihi. Walidhani mazoezi peke yake yatafanya kazi ambayo kwa sehemu kubwa ni ya jikoni. Mizani ilipogoma kushuka, wakaacha mazoezi ambayo yangewafaa kwa kazi nyingine kubwa zaidi.

Kwa mzazi, suala hili halihusu nguo zinazobana tu. Uzito uliozidi, hasa mafuta ya tumboni, huongeza hatari ya kisukari cha aina ya pili, shinikizo la juu la damu, maradhi ya moyo na kiharusi. Maradhi haya humkuta mtu katika miaka ambayo ada bado zinadaiwa na watoto bado wanamtegemea. Na tatizo linakua. Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania wa 2004–05 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Utafiti kama huo wa 2015–16 ulikuta wamefika asilimia 28.

Somo kutoka Ziwa Eyasi

Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Herman Pontzer wa Marekani walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa Wahadzabe, kaskazini mwa Tanzania karibu na Ziwa Eyasi. Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali hutembea kilomita nyingi kila siku. Watafiti walitarajia kuona miili inayounguza nishati nyingi kuliko ya watu wa mijini wanaoshinda wamekaa ofisini. Walipopima kwa maji yenye alama maalumu za kimaabara, wakazingatia na ukubwa wa miili, walikuta jumla ya nishati inayotumika kwa siku haitofautiani sana.

Maana yake ni kwamba mwili una tabia ya kubana matumizi. Ukiutumikisha zaidi upande mmoja, hupunguza matumizi upande mwingine, na mara nyingi huongeza njaa. Ndiyo maana mtu anaweza kukimbia mwezi mzima na mizani ikasogea kidogo tu.

Hesabu ya kawaida inasema vivyo hivyo. Mtu wa kilo 80 akitembea haraka kwa nusu saa hutumia takriban kalori 150. Soda ya nusu lita ina takriban kalori 200. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120. Kijiko cha chai cha sukari kina takriban kalori 16, kwa hiyo anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku na kutia vijiko vitatu kila kikombe anakaribia kalori 200 kwa sukari ya chai peke yake. Anayetoka mazoezini akapitia soda, au chapati mbili kwa sababu leo amefanya kazi, huwa amekwisha kurudisha alichotoa kabla hajaoga.

Lakini Wahadzabe wana somo la pili. Utafiti mwingine uliochapishwa 2017 ulikuta kuwa hufanya shughuli za nguvu ya wastani hadi kubwa kwa takriban dakika 135 kwa siku, na dalili za hatari ya maradhi ya moyo, kama shinikizo la juu la damu, ni nadra kwao. Mwendo wao unawalinda hata kama hauwaunguzii kalori nyingi kuliko za wengine.

Mazoezi yanalinda kilichopatikana

Nchini Marekani kuna daftari la watu waliofanikiwa kupunguza uzito, lililoanzishwa 1994. Ili kuandikishwa, mtu lazima awe amepunguza kilo 13.6 au zaidi na kukaa hivyo angalau mwaka mmoja. Wamekwisha kuandikwa zaidi ya watu 10,000. Njia walizotumia kupungua zinatofautiana sana, lakini katika kuulinda uzito mpya wanafanana: takriban tisa kati ya kila kumi hufanya mazoezi, kwa wastani wa saa moja kwa siku. Zoezi lililotajwa na wengi zaidi ni kutembea. Watu hawa walijiandikisha wenyewe, hivyo hawawezi kuwakilisha kila mtu, lakini mwenendo wao unalingana na tafiti nyingine.

Mojawapo ni ile iliyowafuatilia washiriki 14 wa shindano maarufu la televisheni la Marekani la kupunguza unene, miaka sita baada ya shindano. Walikuwa wamepunguza wastani wa kilo 58. Miaka sita baadaye walikuwa wamerudisha wastani wa kilo 41. Miili yao ilikuwa inatumia takriban kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao, kana kwamba bado imo katika msimu wa njaa. Walioweza kuzuia uzito usirudi ndio waliokuwa wameongeza mwendo zaidi kuliko wenzao: walihitaji takriban dakika 80 za mazoezi ya wastani kwa siku, au 35 za mazoezi makali.

Hawa walikuwa wamepungua sana, tena kwa kasi. Anayepunguza kilo sita au nane polepole hana mlima mrefu kiasi hicho, ila mwelekeo ni uleule. Chakula ndicho kinachoshusha mizani kwa sehemu kubwa. Mazoezi ndiyo yanayoizuia isipande tena.

Pia kuna faida ambayo mizani haiwezi kuionyesha. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliowahusisha watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi moja lilitakiwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Katika miaka ipatayo mitatu, idadi ya waliopata kisukari katika kundi hilo ilikuwa pungufu kwa asilimia 58 ikilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kundi lililopewa metformin, dawa inayofahamika sana kwa wagonjwa wa kisukari, lilipata nafuu ya asilimia 31. Kwa mama wa kilo 85, asilimia 7 ni kilo sita. Hakuna anayemtaka arudie umbo la siku ya harusi.

Dakika 150 katika siku ya mzazi

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au makali kwa dakika 75 hadi 150, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Mazoezi ya wastani hupimwa kwa sauti: unaweza kuzungumza, lakini huwezi kuimba. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, yamekuwa makali.

Dakika 150 zinamtisha mama anayeamka saa 11 alfajiri kuandaa watoto wa shule na kulala saa tano usiku. Lakini si lazima zifanyike kwa mkupuo. Mwongozo huohuo uliondoa sharti la zamani lililotaka kila zoezi lifikie angalau dakika kumi. Kushuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani kunahesabiwa. Kupanda ngazi za ofisi kunahesabiwa. Kwenda sokoni kwa miguu kwa mwendo wa haraka badala ya kuita bodaboda kunahesabiwa.

Kwa anayeanza bila mazoea yoyote, mpango wa miezi mitatu unaweza kuwa hivi:

Wiki ya 1 hadi ya 4: kutembea haraka dakika 10 asubuhi na 10 jioni, siku tano kwa wiki. Hizo ni dakika 100.

Wiki ya 5 hadi ya 8: dakika 15 asubuhi na 15 jioni, siku tano. Hapo zimetimia 150.

Wiki ya 9 hadi ya 12: dakika 20 asubuhi na 20 jioni, siku tano. Zinakuwa 200, na anayeweza aingize mbio za polepole za dakika moja moja katikati ya kutembea.

Atakayeanza kwa kukimbia kilomita tano siku ya kwanza, huku ana kilo 90 na raba za mtumba zilizokwisha soli, mara nyingi huishia na goti linalouma na sababu nzuri ya kuacha.

Usalama nao uzingatiwe. Kwa mwanamke, barabara yenye giza saa 11 alfajiri si mahali pa kwenda peke yake. Kutembea na jirani au kikundi kunaondoa hofu, na kuna faida nyingine: ni vigumu kuendelea kulala wakati mwenzako amesimama getini anakusubiri. Anayependa faragha, kwa sababu ya mavazi au haya, anaweza kufanya ndani: kuruka kamba, kucheza muziki wa haraka dakika 15, au kupanda na kushuka kizingiti cha mlango.

Usisahau misuli

Mtu anayepungua kwa kupunguza chakula peke yake hapotezi mafuta tu. Sehemu ya uzito unaoondoka, wakati mwingine hadi robo, huwa si mafuta, na humo imo misuli. Akirudisha uzito, unaorudi kwa wingi ni mafuta. Anabaki na kilo zilezile lakini mwili dhaifu kuliko wa mwanzo.

Kinga yake ni mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, na hayahitaji jimu. Kuchuchumaa na kusimama mara 10. Pushapu za ukutani mara 10, kisha za mezani, na baadaye za sakafuni. Dumu la lita tano lililojaa maji lina uzito wa kilo tano. Linatosha kuinuliwa kwa mkono mmoja mmoja mara 10. Kulala chali, magoti yamekunjwa, na kuinua makalio mara 10 huimarisha mgongo na mapaja. Mzunguko huo ukirudiwa mara tatu hauchukui zaidi ya dakika 20.

Huku misuli ikilindwa, chakula cha kujenga mwili kisikosekane: maharage, dengu, choroko, mayai, dagaa, samaki, maziwa. Hakuna sababu ya kuacha ugali. Sahani ikigawanywa vizuri, nusu iwe mboga za majani na matunda, robo iwe ugali au wali, na robo iwe maharage, samaki au nyama. Mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye dumu.

"Shoga, mbona umekonda?"

Kikwazo kingine hakimo katika sahani wala katika raba. Kimo katika maneno ya watu. Katika jamii nyingi za Kitanzania, mke aliyenenepa ni ushahidi kwamba anatunzwa, na kitambi cha mume ni dalili ya ukwasi. Mama akipungua kilo tano, jirani humvuta pembeni: "Shoga, mbona umekonda hivyo? Una nini?" Mama mkwe akimwona humuuliza mwanawe kama nyumbani kuna chakula. Wengi bado wanahusisha kupungua na ugonjwa au ndoa yenye matatizo.

Maneno hayo yamewarudisha wengi kwenye sahani kubwa. Njia rahisi ya kuyakabili ni kutangaza mapema, kabla kilo hazijaanza kuondoka: presha ilipanda, nesi ameshauri mazoezi, familia nzima imeamua. Sababu ya kiafya huzima umbea haraka.

Mume ana nafasi kubwa hapa. Mke hawezi kupata nusu saa jioni ikiwa kupika, kuogesha watoto na kusimamia kazi za shule ni vyake peke yake. Baba atakayeosha vyombo au kukaa na watoto kwa dakika 30 amechangia mazoezi ya mkewe kuliko anayemnunulia nguo za michezo. Naye baba mwenye kitambi hana haja ya kumtuma mkewe mazoezini. Akitembea naye, wote wawili wanapona.

Watoto wanatazama

Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 za mazoezi ya wastani hadi makali kila siku. Wadogo wa mwaka mmoja hadi minne wanahitaji dakika 180 za kujishughulisha kwa namna mbalimbali siku nzima. Mdako, rede, kuruka kamba, kukimbizana na chandimu vilitosheleza mahitaji hayo bila mtu kuhesabu. Siku hizi mtoto wa mjini hupelekwa shule kwa basi, hurudi jioni, hufungiwa getini na kupewa simu ili atulie.

Mzazi anayetembea jioni akimchukua mtoto anatimiza mahitaji ya wawili kwa mara moja. Jambo la kuepuka ni kumwita mtoto "bonge" au kumnyima chakula mbele ya ndugu zake. Mtoto anayekua hawekwi kwenye mlo wa kupunguza uzito bila ushauri wa mtaalamu wa afya. Soda ikiondoka nyumbani, iondoke kwa wote, baba akiwemo.

Chai, mikanda na ahadi za siku saba

Kila penye tatizo pana muuzaji. Mitandaoni kuna chai za kuondoa tumbo ndani ya wiki, mikanda ya kubana kiuno na vidonge visivyo na maelezo. Chai nyingi za aina hiyo huharisha. Kinachopungua ni maji na kinyesi, na kilo hurudi mtu anapokunywa maji. Mkanda hukusanya jasho, na jasho si mafuta. Wala mazoezi ya tumbo mia mbili kwa siku hayachagui kuunguza mafuta ya tumboni. Huimarisha misuli iliyo chini ya mafuta hayo.

Mwendo unaokubalika kwa wengi ni kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na baada ya wiki kadhaa kasi hupungua zaidi kwa sababu mwili mwepesi unahitaji nishati kidogo. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, kumbe ni hatua ya kawaida. Futi ya fundi cherehani husaidia wakati mizani imegoma: kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 80, au cha mwanamume kikizidi 94, hatari ya maradhi inaanza kuongezeka. Kiuno kinaweza kupungua sentimita mbili huku kilo zikibaki zilezile.

Nani aanzie zahanati

Mwenye presha, maradhi ya moyo, au kisukari anachokitibu kwa insulini au vidonge, aonane na mtaalamu wa afya kwanza, kwani mazoezi yanaweza kushusha sukari kupita kiasi. Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri ruhusa ya kliniki kabla ya kuinua vitu vizito au kukimbia. Kutembea taratibu ndio mwanzo wake. Anayenyonyesha asijinyime chakula ili kupungua haraka. Na yeyote anayehisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika isivyo kawaida, asimame na aende hospitali.

Wiki ikiharibika

Hakuna mzazi ambaye mwaka wake utapita bila wiki iliyoharibika. Mtoto atalazwa, patakuwa na msiba kijijini, mvua za masika zitajaza barabara maji, Ramadhani itabadilisha ratiba ya kula na kulala. Tofauti ya wanaodumu na wanaoacha mara nyingi iko katika siku inayofuata. Wanaodumu hurudi na dakika kumi bila kujaribu kufidia zilizopotea. Wanaoacha husubiri Jumatatu, kisha mwanzo wa mwezi, kisha Januari.

Fursa za kurudi hazikosekani. Zanzibar huadhimisha siku yake ya mazoezi kila Januari 1. Tanzania Bara, kampeni ya kitaifa ya mazoezi iliyozinduliwa Desemba 2016 na Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, ilitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Lakini siku moja kwa mwezi haiwezi kulinda kilo hata moja. Ratiba inayolinda ni ile ndogo inayowezekana hata siku ya Jumatano yenye kazi nyingi: kushuka kituo cha kabla, kutembea, kufika nyumbani na kunywa maji badala ya soda.